Namba ya Mdogo Wangu

Mimi simu siipendi, na sitaki mtu anishawishi. Watoto wangu wananicheka kwa sababu ninayo, tena ya kioo, na naishika kwa vidole viwili kama niliyeokota panya aliyekufa. Wacheke tu. Wao wameinamisha vichwa kwenye gemu tangu asubuhi, ukimwita mmoja anakujibu "mm". Siku hizi hata "abee" imekuwa nzito mdomoni. Ukiwauliza wanacheza nini wanakueleza kwa lugha ambayo si Kifipa wala Kiswahili: nimepanda levo, nimekufa lakini bado nina maisha mawili. Maisha mawili! Mtu anakufa, anabonyeza, anaamka. Nikisikia hivyo naondoka sebuleni, naenda kuchambua maharage hata kama siku hiyo hatupiki maharage.

Gemu ya kwanza kuiona maishani ilikuwa ya nyoka, kwenye simu ya mdogo wangu.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, maduka ya ushirika yamebaki kuta na popo, na kila mwenye mfuko mmoja wa sukari anajiita mfanyabiashara. Mdogo wangu alikuwa kitinda mimba wa mama, na mimi ndiye wa kwanza. Katikati yetu Mungu alikuwa amewachukua wengine. Jembe alilikataa. Alisema matuta ya ulezi yanamvunja mgongo, tena baridi ya Sumbawanga inamfaa mtu asiye na akili, akateremka Kasanga, ziwani, kwenye maboti ya mizigo. Walikuwa wanapakia mahindi yetu ya huku juu, sukari na sabuni, wanavuka kwenda Zambia na Kongo, wanarudi na vitenge. Mnara wa simu uliposimikwa mjini kwetu, yeye alikuwa mtu wa kwanza mtaani Izia kumiliki simu. Nene, nyeusi, ina kipembe juu. Majirani walikuja kuiona kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga.

Akipanda kutoka Kasanga na lori, anakaa jikoni karibu na moto, sweta mpaka kidevuni, anacheza nyoka wake. Mama anamwangalia weee, mwisho anashindwa.

"Huyo nyoka unamlisha nini?"

"Anakula vinukta, mama."

"Akishiba?"

"Hashibi. Anarefuka tu mpaka anajigonga mwenyewe, anakufa."

"Yesu na Maria! Sasa huo ni mchezo gani, kumlea nyoka mpaka ajiue?"

Mdogo wangu anacheka mpaka simu inamponyoka. Asubuhi mama akimsalimia kwa Kifipa, yeye anajibu "poa". Mama anamwambia, "Poa ni uji. Wewe ni mtu, umeamkaje?" Halafu anamwongezea ule uji wenyewe, wa ulezi, mzito, bakuli la pili kabla la kwanza halijaisha. Alikuwa anamdekeza, na mimi nilikuwa naona wivu, nasema ukweli. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume, habari ambayo haihusiani na hii, na hakuna aliyeniongezea uji.

Kiangazi kimoja, wakati upepo wa ziwani umechachamaa, boti lao liliondoka Kasanga na mzigo wa mahindi kuelekea upande wa Kongo. Halikufika. Habari tuliletewa na dereva wa lori, aliyesimama mlangoni amevua kofia.

Nilishuka Kasanga na baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba yetu. Tulizunguka pale bandarini mpaka tukawa kero. Kila mtu alikuwa na lake. Mvuvi mmoja aliona magunia yanaelea. Mwingine alisema yalikuwa ya boti jingine. Wa tatu akatuvuta pembeni, akasema ng'ambo ya pili kuna vita, vijana wa maboti wanakamatwa kubebeshwa mizigo ya askari, wengine wanarudi baada ya muda mrefu wamekonda lakini wazima. Polisi waliandika, wakasema tutawaita. Hakuna mwili, hakuna ubao, hakuna hata ndala moja iliyotupwa ufukweni. Jamani, hata ndala! Nilitembea kando ya maji nikitafuta ndala ya mdogo wangu na nikiomba nisiione.

Tulirudi nyumbani, baba mdogo akamweleza mama kwa upole, akizunguka sana. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Mmempigia?"

Tukatazamana. Katika kuhangaika kote kule hatukuwa tumempigia. Sisi tulikuwa watu wa kwenda kwa miguu kumtafuta mtu, hilo la kumpigia halikutujia.

Basi ndipo ilipoanza. Karibu na soko kulikuwa na binti mwenye meza na mwavuli, ana simu moja ya kupigisha watu. Tulikwenda na baba mdogo, binti akabonyeza, akamwekea mama sikioni. Mama alisikiliza, macho yakamtoka. Akasema kwa sauti ya kusikika soko zima, "Shemeji! Kuna mwanamke amepokea!"

Nikainyakua simu. Kumbe ni yule msichana, kila mtu wa enzi zile anamfahamu, anayekwambia kwa sauti laini kwamba simu unayopiga haipatikani kwa sasa, jaribu tena baadaye. Nikamrudishia binti simu yake.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Amesema hapatikani."

"Amesema amekufa?"

"Hapana, mama."

"Amesema hapatikani kabisa?"

"Amesema tujaribu baadaye."

"Ahaa," mama akasema, akafunga khanga yake vizuri. "Mtu akikwambia jaribu baadaye, lipo la kujaribu. Twende nyumbani."

Tangu siku hiyo, kila akitoka shamba lake la kule Pito, hata kama jembe bado liko begani, lazima apite kwenye ile meza. Yule binti akiwaona wateja wengine anawaambia, "Ngojeni kwanza, mama apige." Mwishoni hata hakuwa anatudai, mama akamletea ulezi na mahindi mabichi. Mama alikuwa akimsalimia yule msichana wa kwenye simu, anamweleza: mwanangu ni mrefu, ana kovu hapa kwenye nyusi, ukimwona mwambie apande, asiogope, hakuna atakayemgombeza. Msichana anaendelea na lake, jaribu tena baadaye. Mama anakasirika. "Huyu binti kalelewa wapi? Mtu mzima anaongea, yeye anaongea. Na shikamoo hajui!"

Watu walikuwa wanacheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka, kisha nikifika nyumbani naingia chumbani najifunika blanketi kichwani nalia mpaka kifua kinauma. Kwa sababu nami nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nasogeza sikio karibu na la mama, na ile kabla msichana hajaanza kusema, pale panapokuwa kimya kidogo, Mungu wangu, pale ndipo nilipokuwa naishi. Labda leo itaita. Itaita tu, hata asipopokea.

Tulikuwa na mpangaji, mwalimu wa fizikia, kijana mpole wa kutoka mbali. Nilimfuata nikamwomba anieleze hiki kitu. Alinieleza vizuri, akachora na mnara kwenye vumbi. Simu na mnara vinaitana kila wakati, akasema. Simu ikizimwa, au ikiingia maji, au mwenyewe akiwa mahali pasipo na mnara, mnara unaita na haujibiwi. Ndiyo maana ya hapatikani. "Haisemi chochote kuhusu mtu, dada. Inasema kuhusu simu tu."

Sayansi, mimi naiheshimu, lakini ina tabia moja mbaya: inajibu ulichouliza. Mimi sikuwa nimeuliza kuhusu simu.

Nilimpelekea mama hayo maelezo, maana nilidhani yatamtuliza. "Mama, yule si mtu. Ni kanda, kama za redioni."

"Kanda hiyo ameiongelea nani?"

"Msichana."

"Basi ni mtu."

Nitamjibu nini? Nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji.

Wakati huo ukoo ulikuwa umeanza kuchoka. Baba mdogo alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya misa, anakaa, anakunywa chai, anakohoa. Alitaka tuweke msiba. Hakuwa mtu mbaya, nieleweke. Alisema mtu asiyeliliwa anatangatanga, hana pa kwenda, na sisi tuliobaki hatuwezi kufanya lolote. Ilikuwa kweli. Kwetu vitu vya mtu havigawiwi mpaka watu wamelia na tanga limeanuliwa, ndipo wazee wanakaa, wanamwita mrithi, wanamkabidhi kitu cha marehemu mkononi na kumwambia, "Kitunze." Kugawa kabla ya hapo ni kumuua mtu kwa mdomo. Mdogo wangu alikuwa ameacha baiskeli, redio na koti zuri jeusi la kitambaa. Baiskeli ilikuwa inaoza matairi ukutani, na binamu yetu mmoja kila akija anaitazama kama mbwa anavyotazama mfupa.

"Shemeji," mama alikuwa anamwambia baba mdogo, "mimi sijakataa kulia. Machozi ninayo. Nataka nijue. Siku nikijua, mimi mwenyewe nitawaita."

"Utajuaje, shemeji? Nani atakuja kukwambia?"

"Yule binti wa kwenye simu atasema."

Siku moja shangazi mmoja alijisahau akasema, msiba wa kujitakia hauna kilio, nani alimtuma ziwani na shamba lipo? Nilimfukuza. Nilimwambia aondoke na chupi yake moja aliyokuja nayo, maneno ambayo mwanamke wa Kikatoliki hatakiwi kumwambia shangazi, na mpaka leo hajanisamehe, na mimi sijaomba.

Lakini ukweli ni kwamba nami nilikuwa nimehamia upande wa baba mdogo. Nilimwona mama anavyokwisha. Ulezi wake ulikauka shambani ukaliwa na ndege, yeye aliyekuwa anawasema wanawake wavivu. Alikuwa anapika ugali wa watu watatu. Sahani ya tatu inafunikwa, inakaa karibu na moto, asubuhi anampa kuku. Blauzi zilikuwa zinamning'inia. Nikawaza, huyu aliye ziwani nimeshampoteza, na huyu wa jikoni naye ataondoka hivihivi mikononi mwangu, kwa ajili ya kanda. Nilianza kuichukia ile sauti kama mtu anavyomchukia mke mwenza.

Nilimwambia mama maneno makali. Nilimwambia, "Mama, amekufa. Maji yamemchukua. Simu yake iko chini ya ziwa na hakuna mnara wa samaki. Utapiga mpaka lini?"

Alikuwa anachochea uji. Hakugeuka. "Wewe ukizaa," alisema, "utaniuliza tena."

Nilikuwa sijajaliwa bado wakati huo. Alijua panapouma, akaweka kidole hapohapo. Hatukuongea mpaka kesho yake alipochukua khanga yake akasema twende, nami nikaenda. Nilikuwa nasema amekufa na bado kila jioni naenda kumpigia. Mtu aeleze hilo kwa fizikia.

Mvua zilikuja zikapita, tukavuna, baridi ikatukaanga, mvua zikaja tena. Mjini simu zilizidi, kila kijana ana yake kiunoni kwenye kifuko cha ngozi, mambo, poa, nitafute mshikaji wangu, nibipu. Watu wakaanza kupigiana simu kuulizana umekula nini wakati wanatazamana ng'ambo ya barabara. Niliwachukia wote. Mnara unawapa hao wanaotazamana, sisi unatunyima.

Ikafika siku hiyo. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, barabara ya sokoni ni tope, mama ana viatu vyake vya plastiki. Binti alibonyeza bila hata kutazama, alikuwa ameishika namba kichwani kama Baba Yetu. Akamwekea mama sikioni. Mimi nikasogeza langu.

Pakawa kimya pale pangu.

Kisha ikaita.

Binti aliona sura zetu, akasimama, kiti kikaanguka. Mama alinishika mkono akaniminya mpaka kucha zikaingia. Ikaita tena. Nilisikia mtu anasema "tafadhali, tafadhali, tafadhali," kumbe ni mimi.

Ikapokelewa. Sauti ya kijana. "Haloo!"

Mama alianza kuongea. Aliongea Kifipa, lugha ya nyumbani, haraka haraka, bila kupumua: mwanangu, uko wapi, umekula, panda uje, nani amekuzuia, hatujalia, nimewakatalia, baiskeli yako ipo. Aliongea kama maji yaliyovunja tuta. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshamwona anakuja, ninayaona matope kwenye suruali yake.

"Haloo? Mama, sikuelewi. Nani mwenzangu?"

Kiswahili hicho hakikuwa cha huku kwetu. Na sauti, nilipoisikiliza sasa kwa masikio yote, haikuwa yake. Mama naye alikuwa amesikia. Alivuta pumzi, akahamia Kiswahili, kile chake cha kwendea ofisini.

"Baba, namtafuta mwenye namba hii."

"Ndiyo mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hapana, baba. Mwenyewe. Mwenye namba yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi, mama. Hii laini nimenunua juzi tu. Mpya."

"Umeinunua kwa nani?"

"Dukani, mama. Niko Morogoro. Kampuni ndiyo wanatoa. Namba ikikaa muda mrefu haitumiki wanampa mtu mwingine." Alikuwa kijana mstaarabu, hakukata. "Pole, mama. Ulikuwa unamtafuta nani?"

Mama alisimama pale kwenye tope, mkono mmoja umeshika simu, mwingine bado umenishika mimi. Niliona uso wake unatulia, kidogokidogo, kama mtu anayetua mzigo na kuangalia usimwagike.

"Haya, baba," akasema. "Itunze."

Akampa binti simu yake. Akamshukuru, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaanza kutembea, na mimi nyuma, nauliza mama amesema nini, wakati nimesikia kila neno. Tulipofika uani alivua viatu, akaanza kutoa mabenchi nje, moja moja, peke yake.

"Mama, unafanya nini?"

"Nenda kamwite baba yako mdogo. Pitia na kwa katekista. Waambie waje, kuna msiba."

"Msiba gani? Mama, yule kijana amekueleza. Ni kampuni. Wanatoa tu namba, ni mashine, hawajui kitu!"

"Wamempa mtu kitu chake," mama akasema. "Hakuna anayegawa kitu cha mtu aliye hai. Wao wana mnara, wanaona mbali kuliko sisi. Wamengoja, wameona, wamegawa."

"Hawajaona chochote! Mama, namba si mtu!" Nilikuwa napiga kelele sasa, majirani wanachungulia. Nilimfuata mwalimu wa fizikia nikampigia mlango kwa ngumi, nikamvuta mkono mpaka uani. "Mwambie! Mwambie kwamba haisemi chochote kuhusu mtu! Ulinichorea wewe!"

Mwalimu alisimama na ndala zake, akamtazama mama. "Ni kweli, mama," akasema taratibu. "Namba ikikaa inagawiwa tu. Anaweza kuwa mzima."

Mama alimsikiliza kwa adabu, kama alivyokuwa akimsikiliza mtu yeyote. Kisha akanigeukia. Mimi niliyemwambia hakuna mnara wa samaki. Mimi niliyetaka alie, ale, alale.

"Ulikuwa unataka nilie," alisema. "Nimekubali, mwanangu. Mbona unanizuia?"

Nilishika benchi upande wa pili nikalivuta kulirudisha ndani, yeye akalivuta kulitoa, tukawa tunavutana, mama mzee aliyekwisha mwili na mimi mtu mzima, nikimwomba. Mama, ngoja kwanza. Mama, tupige tena kesho, labda kijana amekosea. Ngoja hata kesho tu.

Aliliachia benchi. Akafungua kilemba chake, akakitupa, akaweka mikono kichwani, na sauti iliyotoka ikawaleta majirani mbio kutoka pande zote.